Siku Thelathini na Tisa za Dozi Kamili

Mwaka wa tatu wa Sheria ya Uwiano, Ronilda Mligo alifika kituo cha dawa cha Ilunda akiwa na kiatu mguu wa kushoto na kandambili mguu wa kulia. Alipanga foleni kama wengine, mkono wake ukiwa begani kwa binti yake, na zamu yake ilipofika alikaa kwenye kiti cha plastiki akapandisha blauzi juu ya kitovu bila kuambiwa.

Fundi wa kituo, Ezelina Mgaya, alikuwa wifi yake. Ronilda aliolewa na kaka mkubwa wa Ezelina. Ezelina alisogeza bomba la kujazia hadi kwenye kitufe kilichokuwa chini ya ngozi ya tumbo, akasubiri mlio. Kitufe ndivyo watu walivyoliita kongosho bandia, kidude kisichozidi ukubwa wa kizibo cha soda, kilichopima sukari ya damu kila dakika na kutoa insulini kidogo kidogo. Kila baada ya siku kumi mgonjwa alirudi kujaziwa.

"Kamwene, wifi," Ezelina alimsalimu. "Huo mguu vipi?"

"Mguu upo."

"Nimeuliza vipi, sijauliza kama upo."

Ronilda akatabasamu upande mmoja. "Kidonda chini ya kidole. Wiki ya tatu sasa. Hakiumi, ndiyo maana sikukigundua. Na macho yenyewe limebaki moja, nalo linaona ukungu. Ningekiona na nini?"

Kioo cha mashine kilionyesha sukari ishirini na moja, mara tatu ya kawaida. Chini yake, kwa maandishi ya kijani, iliandikwa: Daraja la Tatu.

Hivyo ndivyo sheria ilivyotaka. Mtu mwenye ugonjwa wa kudumu aliyefanya kazi saa thelathini au zaidi kwa wiki alipata dozi kamili. Aliyeshindwa kufikisha thelathini alipata theluthi mbili. Aliyekuwa chini ya saa kumi na tano alipata theluthi moja, ambayo Mamlaka ya Uwiano iliiita dozi ya kujikimu. Saa zilihesabiwa na bangili ya mkononi, amri ikatoka makao makuu, ikapita kwenye mnara wa kituo, ikaingia kwenye kitufe. Lengo, walivyoelezwa siku ya kwanza, lilikuwa kuzuia wagonjwa wasiielemee nchi.

Ronilda alikuwa fundi cherehani mwenye wateja hadi Njombe mjini. Kisha akaugua nimonia akalala miezi miwili. Saa zikashuka, dozi ikashuka. Dozi iliposhuka, macho yakaanza kwenda, na cherehani bila macho haishoni. Saa zikashuka tena. Binti yake akaacha chuo cha uuguzi mwaka wa pili ili amshike mkono. Mumewe akauza ng'ombe wawili, kisha shamba la miti. Katika ripoti za Mamlaka, gharama ya Ronilda Mligo ilikuwa imepungua kwa asilimia sitini. Ezelina alilijua hilo kwa sababu ripoti zile alizituma yeye.

"Nitakuongezea kutoka kwenye yangu," alisema kwa sauti ya chini. Yeye pia alikuwa na kitufe tumboni, tangu akiwa na miaka tisa. Kazi ya kituo ilimpa saa arobaini na nane, na Daraja la Kwanza.

"Halafu udondoke hapa, nani atatujazia?"

"Sitadondoka."

"Na aliye nyuma yangu?" Ronilda aligeuza kichwa kuelekea foleni, ambako Batholomeo Nyagawa, mkulima wa viazi, alikuwa amejiegemeza ukutani kama mtu aliyebeba gunia. "Yule hana wifi kituoni. Hebu niambie kitu kimoja. Hilo tangi lako linaweza kutoa dawa ya watu wangapi?"

"Limefungwa kwenye dozi elfu moja na mia moja kwa siku."

"Sikuuliza limefungwa kwenye ngapi. Nimeuliza linaweza."

Ezelina aliangalia mlango wa chumba cha nyuma. "Wote," alisema.

"Wote wangapi?"

"Elfu moja mia sita na arobaini. Sote."

Ronilda akashusha blauzi yake, akainyoosha vizuri kwa viganja. "Miaka mitatu yote," alisema, "mimi nilidhani haipo."

*

Tangi lilikuwa la chuma cheupe, refu kuliko mtu, na ndani yake iliishi hamira. Haikuwa hamira ya maandazi. Wataalamu walikuwa wameibadilisha miaka mingi iliyopita ili, badala ya kuumua unga, itengeneze insulini. Ilikula lishe maalumu iliyoletwa na lori kila baada ya siku sitini, katika mapipa yaliyopozwa kabla ya safari. Ukiipa chakula kingi, inatoa dawa nyingi. Palikuwa na koki ya kielektroniki iliyodhibiti inakula kiasi gani, na koki hiyo Mamlaka iliifunga kwenye dozi elfu moja na mia moja.

Ezelina aliyajua yote haya tangu siku ya kwanza. Alipokuwa akifikiria, na kwa kawaida alijizuia asifikirie, alijiambia kwamba walioweka kiwango wana sababu, kwamba yeye ni fundi tu, na kwamba lishe ikiisha kabla ya siku sitini hakuna atakayebaki na dawa. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Sasa, wagonjwa walipokwisha kuondoka mchana ule, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya tangi akapiga hesabu aliyoikwepa. Lishe ilikuwa imeletwa juzi. Kwa dozi elfu moja na mia moja, ingefika siku ya sitini. Kwa dozi kamili kwa watu wote, ingefika siku ya arobaini.

Baada ya hapo, siku ishirini bila tone. Wenye sukari ya utu uzima wangeweza kuvuta siku. Wale ambao kongosho lao lilikufa utotoni, kama yeye, wasingefika hata siku ya tano.

Labda Mamlaka wangeleta lori mapema. Labda wasingeleta, ili mikoa mingine ione. Uhai wake mwenyewe angeweza kuuweka rehani, lakini hakuwa na haki ya kuweka rehani uhai wa watu elfu moja mia sita wasiojua. Na kuendelea kunyamaza, alikuja kuona akiwa pale pale juu ya ndoo, kulikuwa ni kuuweka rehani vilevile. Tofauti ni kwamba waliokuwa wakifa sasa walikufa majumbani mwao, mmoja mmoja, na vyeti vyao vikasema ni figo, ni moyo, ni kidonda.

Akaamua kuwauliza wenyewe.

*

Walikusanyika Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa kituo, ukungu ukiwa haujainuka kwenye mashamba ya chai. Walikuja walioweza kutembea, na wasioweza waliletwa kwa mikokoteni na pikipiki. Ezelina alisimama kwenye ngazi akawaeleza kila kitu bila kupamba: tangi linaweza nini, lishe ni kiasi gani, siku arobaini, na nini kitatokea siku ya arobaini na moja iwapo lori halitakuja.

Wa kwanza kusema alikuwa Gervas Luhwago, mwenye kiwanda cha mbao. Naye alikuwa na kitufe, Daraja la Kwanza.

"Mama Mgaya, ninakuheshimu," alisema. "Lakini unachotuambia ni kwamba mimi niliyejitahidi nikafikisha saa zangu nihatarishe maisha kwa ajili ya ambaye hakufikisha. Nina watoto sita. Nani kati yenu atawalea?"

Watu wakaguna. Batholomeo Nyagawa akainua mkono, akaongea akiwa ameketi chini, kwa kuwa kusimama kulimchosha.

"Gervas, mwaka juzi nilikuwa nakuuzia viazi gunia themanini. Nilifikisha saa hamsini kwa wiki, bangili ikaniletea pongezi. Nikaumia mgongo. Wiki tano tu. Tangu hapo sijapanda ngazi tena, maana ngazi yenyewe unapandia dawa, na dawa iko juu ya ngazi. Sikukuzidi uvivu. Nilianguka tu kabla yako."

Ezelina akasema, "Anachosema mzee Gervas si kosa. Hakuna atakayelazimishwa. Asiyekubali, nitamtengea fungu lake la siku sitini, nilifungie kwenye jokofu kwa jina lake, na halitaguswa. Aliyekubali anajua alichokubali."

Walipiga kura kwa kupita milango miwili ya kituo, wa kushoto wa wanaokataa na wa kulia wa wanaokubali, na aliyekuwa hawezi kupita alipitishwa. Watu tisini walipita mlango wa kushoto, Luhwago akiwa wa kwanza. Elfu moja mia tano na hamsini walipita wa kulia. Baada ya kuyatoa mafungu ya wale tisini, siku zilizobaki kwa wengine zilikuwa thelathini na tisa.

Ezelina aliingia chumba cha mnara akachomoa kadi iliyopokea amri za madaraja, akaivunja vipande viwili kwenye ukingo wa meza. Kitufe kikikosa amri hufanya kile kilichoundwa kufanya: hupima damu na kutoa kinachohitajika. Kisha akaenda kwenye tangi, akaondoa mfuniko wa koki, akaifungua kwa spana ya kawaida. Miaka mitatu ya kufungwa, na kazi yenyewe haikuchukua dakika kumi.

*

Ujumbe wa kwanza kutoka Mamlaka ulifika siku ya pili, ukimtaka arudishe mfumo. Alijibu kwa mstari mmoja: mfumo unafanya kazi. Siku ya tano walisimamisha mshahara wake. Siku ya sita mtu asiyejulikana aliacha debe la mahindi mlangoni kwake, na tangu hapo hakukosa chakula.

Siku ya kumi na moja alikufa mzee Tweve, aliyekuwa amekaa Daraja la Tatu tangu sheria ianze. Figo zake zilikuwa zimekwisha kabla ya dozi kamili kumfikia. Mazishini, mjane wake alimshika Ezelina mikono miwili. "Amekufa akiwa hana kiu," alisema. "Wiki yote ya mwisho hakuwa na kiu. Asante." Ezelina alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani alilazimika kukaa kando ya barabara mpaka machozi yalipomwacha aone mbele tena.

Lakini wengine waliinuka. Batholomeo alionekana shambani kwake siku ya kumi na nne, siku ya ishirini alikuwa ameajiri mtu, siku ya thelathini alikuwa akipakia lori. Wapasua mbao kumi na wawili wa Luhwago, ambao wote walipita mlango wa kulia, walirudi kiwandani mmoja mmoja. Kidole cha Ronilda kilikatwa, ila mguu ulipona. Jicho halikurudi. Alikaa kwenye baraza la kituo akichambua mbegu za viazi za Batholomeo kwa kupapasa, nzima huku, mbovu kule, naye hakukosea. Bangili yake haikumwandikia hata saa moja kwa kazi ile, kwa sababu haikuwemo kwenye orodha ya kazi.

Binti yake aliandika barua ya kuomba kurudi chuoni.

*

Siku ya thelathini na saba lori la lishe lilisimama nje ya geti, na mbele yake gari dogo la Mamlaka. Alishuka Bi. Levina Kasunga, afisa wa kanda, mwanamke mwenye sauti ya upole aliyebeba kabrasha kifuani kama kitabu cha nyimbo. Uwanja ulikuwa umejaa tangu asubuhi. Habari za lori zilikuwa zimetangulia.

Walikaa barazani, meza ikiwa kati yao.

"Sikuja kugombana," alisema Bi. Kasunga. "Nimekuja na habari njema, na ni wewe uliyeisababisha, kwa hiyo usikilize vizuri. Bangili zimetuma takwimu. Watu elfu moja mia tatu thelathini na saba kati ya watu wako wamefikisha saa thelathini. Kwa mujibu wa sheria ile ile, hao wote ni Daraja la Kwanza. Kiwango cha Ilunda kitapanda. Kituo hakijawahi kupata kibali kama hiki."

"Na waliobaki?"

"Mia mbili na kumi na wawili hawakufikisha. Hao wataendelea na theluthi mbili au moja, kama sheria inavyosema. Wewe unasaini hapa, unafunga kadi mpya, unarudisha koki, na mapipa yanashushwa sasa hivi. Kazi yako hutaipoteza, hilo nimekupigania mwenyewe."

Ezelina aliitazama ile karatasi. Dawa iliyobaki ilikuwa ya siku mbili. Alihisi kitufe chake tumboni kikifanya kazi, mtikisiko mdogo sana ambao kwa miaka mingi alikuwa ameacha kuusikia. Watu elfu moja mia tatu thelathini na saba. Ungewaambia hivyo siku ile kwenye ngazi, wangecheza ngoma. Wazo la pili lilikuja kwa ujanja zaidi: saini leo, uibe kidogo kidogo kesho.

Ronilda alikuwa ameketi kwenye mkeka, hatua tatu kutoka mezani, karai la mbegu mapajani. Alisikia yote.

"Saini, wifi," alisema.

"Nyamaza, Ronilda."

"Mimi ni mmoja wa hao mia mbili, kwa hiyo nina haki ya kusema. Saini. Huwezi kuua elfu kwa ajili yetu."

Ezelina aliinuka, akaenda ukingoni mwa baraza, akawasomea watu masharti yale kama yalivyoandikwa. Alipomaliza, aliona baadhi wakiangalia chini, na hakuwalaumu. Nafsi yake yenyewe ilikuwa imeangalia chini sekunde chache nyuma.

Kisha Batholomeo akaja mbele. Safari hii alisimama.

"Bibi afisa, mimi saa zangu ni ngapi?"

Bi. Kasunga alipekua kabrasha. "Nyagawa. Arobaini na tatu. Hongera."

"Kati ya hizo, kumi na mbili ni za kupanda mbegu alizochambua huyu mama aliyekaa hapo. Asingechambua, ningepanda uozo. Kwenye karatasi yako yeye ana ngapi?"

"Bangili haipimi kazi ya namna hiyo."

"Basi haijapima na yangu. Mimi niandike na hao mia mbili."

"Siwezi kumshusha mtu aliyefuzu."

"Hunishushi. Nimekataa kuondoka walipo."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema naye aandikwe huko. Kisha mwingine. Hapakuwa na kelele. Walikuja kama wanaokuja kujaziwa, mmoja nyuma ya mwenzake, wakitaja majina yao, na Bi. Kasunga akaacha kuandika alipofika wa thelathini kwa kuwa foleni ilikuwa imefika getini.

"Mama Mgaya," alisema, na upole ulianza kumtoka sautini, "una dawa ya siku mbili. Nikiliondoa hilo lori, unafahamu nini kitatokea keshokutwa? Kwako kwanza."

"Nafahamu."

Ndipo Gervas Luhwago alipopenya kutoka nyuma, kofia mkononi. Hakuwa amekanyaga mkutano wowote tangu siku ile ya milango miwili.

"Mimi sikukubaliana na hawa," alimwambia afisa, "na bado sikubaliani. Lakini nina fungu langu kwenye jokofu, na nimezungumza na wenzangu themanini na tisa. Si wote. Sitini na wawili wamesema liingie kwa watu." Akamgeukia Ezelina. "Ni siku ngapi hizo?"

Ezelina alipiga hesabu kichwani. Watu sitini na watatu, siku ishirini na tatu zilizobaki, zikigawiwa kwa wote. "Karibu siku moja," alisema.

"Siku moja ni siku," alisema Luhwago, akavaa kofia yake.

Ezelina akarudi mezani, akaketi, akaisukuma karatasi upande wa pili bila saini.

"Sasa tuna siku tatu, Bi. Kasunga. Wewe huna. Ile lishe ikikaa nje ya baridi siku mbili inachacha, na lori lile halina mtambo wa baridi, nimeliangalia. Mmetumia siku nzima kuja, na kurudi ni siku nyingine. Utalazimika kuwaeleza wakubwa wako kwamba uliacha mapipa arobaini yaoze mbele ya watu wenye kiu, kwa sababu ya watu mia mbili na kumi na wawili. Mimi kesi yangu nitajibu, niko tayari kwenda na wewe leo. Ila hapa hatufungi tena tangi juu ya mtu aliye hai."

Bi. Kasunga akachukua simu yake, akaenda kusimama kando ya gari, mgongo wake ukiwa umewaelekea. Aliongea, akasikiliza, akaongea tena. Watu hawakusogea. Karai la Ronilda liliendelea kutoa sauti, mbegu moja, mbegu nyingine.

Aliporudi, kabrasha lilikuwa limeshuka hadi ubavuni. "Wamesema mapipa yashushwe," alisema. "Na wamesema nije na wewe. Shtaka ni kuharibu mali ya umma."

"Kadi moja. Nitalipa."

Wapasua mbao walishusha mapipa. Ezelina alimwita binti ya Ronilda, akamwonyesha mara mbili namna ya kuilisha hamira, akamwachia spana. Alijijazia kitufe chake mwenyewe, dozi ya siku kumi, akafunga sweta. Ronilda alimshika kiganja akakibana.

Ndani ya gari, Bi. Kasunga alifungua fomu ya makabidhiano ya lishe. Ilihitaji kuorodhesha wapokeaji wote, na mbele ya kila jina palikuwa na kisanduku kitupu.

"Hapa pa daraja niwajazie nini?" aliuliza. Aliuliza kweli, kama mtu asiyejua.

"Usijaze kitu," alisema Ezelina. "Andika majina. Nitakutajia yote, nayajua."

Akaanza kumtajia.